Mbayuwayu wa Ng'ambo ya Mto: Uhakiki wa Masimulizi ya Historia ya Redio Agatashya (1994–1996) kwa Jicho la Lugha

Ikisiri

Redio Agatashya ilirusha matangazo yake kutoka Bukavu, ng'ambo ya mji wa Cyangugu ambao leo umo katika Wilaya ya Rusizi, tangu Agosti 1994 hadi Oktoba 1996. Makala hii inahakiki namna historia ya kituo hicho inavyosimuliwa. Hoja yake kuu ni kwamba masimulizi yaliyopo yamekitazama kituo kwa macho mawili tu: kama jibu kwa redio ya chuki, na kama mradi wa misaada ya kibinadamu. Katika yote mawili suala la lugha limebaki kuwa orodha ya mstari mmoja. Makala inaonyesha kwamba upungufu huo si mdogo: unaficha swali la nani alizungumza na nani katika mpaka wa Rusizi, kwa maneno gani, na nani aliachwa nje ya mazungumzo hayo. Inahitimisha kwa mapendekezo matatu kwa watunga sera wa lugha na wa utangazaji katika ukanda wa Maziwa Makuu.

1. Utangulizi

Mtu anayesimama katika vilima vya Kamembe huiona Bukavu kwa macho yake, na taa zake humulika ziwani usiku. Kinachoitenganisha miji hii ni Mto Rusizi, unaotoka Ziwa Kivu kuelekea Ziwa Tanganyika. Mpaka wa kisiasa unafuata mto huo. Mpaka wa sauti haujawahi kuufuata. Wafanyabiashara huvuka madaraja kila siku, na Kiswahili huvuka pamoja nao: ndicho lugha ya soko la Bukavu, na ndicho kinachosikika pia Kamembe na katika bonde la Bugarama kuliko katika maeneo mengi ya Rwanda ya ndani.

Kati ya Juni na Agosti 1994 mto huo ulishuhudia misafara ya pande mbili. Majeshi ya Ufaransa yaliingia Rwanda kupitia Cyangugu mwishoni mwa Juni katika Operesheni Turquoise. Wakati huo mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yameendelea kwa zaidi ya miezi miwili, na manusura elfu kadhaa walikuwa wamekusanywa katika kambi ya Nyarushishi, mkoani humohumo. Kisha, serikali iliyoongoza mauaji iliposhindwa vita na Wafaransa walipojiandaa kuondoka, mamia ya maelfu ya watu walivuka madaraja ya Rusizi kuingia Zaire. Miongoni mwao walikuwamo wakulima wa kawaida na watoto waliopotezana na wazazi. Walikuwamo pia viongozi, askari na wanamgambo wa Interahamwe waliotoka kuua. Kambi kama Inera na Kashusha zilisimama kando ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega.

Katika mazingira hayo ndipo Redio Agatashya ilipozaliwa Bukavu, Agosti 1994. Chimbuko lake lilikuwa juhudi za waandishi wa habari wa Uswisi, miongoni mwao Philippe Dahinden, walioona kwamba eneo lililosikia redio ikihimiza mauaji lilihitaji redio itakayotoa habari za kweli. Mwaka 1995 wahusika waliunda asasi ya kudumu ya kuiendesha, Fondation Hirondelle. Kituo kilitangaza kwa Kinyarwanda, Kifaransa na Kiswahili. Mwishoni mwa Oktoba 1996, vita vilivyoongozwa na AFDL vilipoifikia Bukavu, kikanyamaza.

Maisha ya kituo hiki yalikuwa mafupi, lakini masimulizi juu yake yamekuwa na umri mrefu. Yametumika kama mfano katika semina za utangazaji wa amani na katika mipango ya vituo vilivyofuata. Ndiyo maana masimulizi hayo, na si kituo peke yake, yanastahili kuhakikiwa.

2. Kivuli cha RTLM

Jicho la kwanza linaitazama Agatashya kama kinyume cha RTLM, kituo cha Kigali kilichotangaza tangu Julai 1993 hadi Julai 1994. Mtazamo huu una msingi. Bila RTLM hakuna ambaye angefikiria kuanzisha Agatashya, na hukumu ya mwaka 2003 ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoketi Arusha, iliweka bayana uzito wa jinai uliobebwa na redio ile. Kitabu alichokihariri Jean-Pierre Chrétien mwaka 1995, na kile alichokihariri Allan Thompson mwaka 2007, ambamo Dahinden mwenyewe ana sura, vimeujenga uwanja huu wa utafiti kwa umakini mkubwa.

Udhaifu unaanza pale upinzani huo wa sumu na dawa unapogeuka kuwa maelezo kamili. Dawa hupimwa kwa sumu iliyokusudiwa kuiondoa, na haiulizwi ina viambato gani. Ndivyo ilivyokuwa kwa Agatashya: imeelezwa kwa kile ambacho haikuwa. Haikuchochea, haikutaja majina ya watu wa kuuawa, haikuita watu mende. Yote hayo ni kweli, lakini hayatuambii ilisema nini na ilisema vipi.

Hata utafiti wa kitakwimu umeelekea upande huohuo. Scott Straus, mwaka 2007, alitilia shaka dhana kwamba RTLM peke yake iliwasukuma wauaji, na akakumbusha kuwa mawimbi yake hayakufika kila mahali katika nchi ya milima. David Yanagizawa-Drott, mwaka 2014, alitumia milima hiyohiyo kupima tofauti kati ya vijiji vilivyopata mawimbi na vile ambavyo havikupata, akakadiria kwamba takriban asilimia 10 ya ushiriki katika vurugu ilitokana na matangazo hayo. Wanazuoni hawa wanapingana katika matokeo, lakini wote wanaanza na swali la mawimbi: yalifika wapi? Ndani ya Rwanda swali hilo laweza kutosha, kwa kuwa karibu kila Mnyarwanda anaelewa Kinyarwanda. Mpakani halitoshi. Bukavu mawimbi yaleyale yaliingia katika nyumba ya mkimbizi mwenye kuelewa kila neno na katika nyumba ya Mshi ambaye kwake Kinyarwanda kilikuwa lugha ya mgeni. Mahali kama hapo, ramani ya masafa bila ramani ya lugha haina maana.

3. Jina na kile linachokibeba

Neno "agatashya" huelezwa katika masimulizi kuwa ni mbayuwayu mdogo anayeleta matumaini, na asasi ya Uswisi ikachukua tafsiri yake ya Kifaransa kuwa jina lake. Maelezo huishia hapo, kana kwamba jina ni pambo. Kwa mwanaisimu wa lugha za Kibantu, hapo ndipo kazi inapoanza.

Umbo hili lina kiambishi cha udogo cha Kinyarwanda, aka-, ambacho sauti yake k imegeuka g kwa sababu inafuatwa na konsonanti isiyo ghuna, kama Kanuni ya Dahl inavyotabiri. Udogo huo katika Kinyarwanda waweza kubeba mapenzi na huruma sawa na unavyoweza kubeba dharau. Sikio la Mnyarwanda linaweza pia kusikia ukaribu wa sauti kati ya jina hili na "intashyo", yaani salamu zinazotumwa kwa mtu aliye mbali. Kwa watu waliotawanyika makambini bila kujua ndugu zao wako wapi, jina lenye mwangwi wa salamu lilikuwa na nguvu ambayo tafsiri ya "mbayuwayu" haiibebi. Si ajabu kwamba idhaa ya BBC iliyoanza mwaka huohuo kwa Kinyarwanda na Kirundi ilipewa jina la Gahuzamiryango, lenye maana ya kiunganishacho familia, nalo pia likianza na ga- ya udogo. Majina yote mawili yaliahidi jambo lilelile: kuwatafuta waliopotezana.

Kiswahili cha Kivu nacho kina ka- ya udogo, na wingi wake tu-: "katoto", "tutoto". Kwa hiyo mkazi wa Bukavu alilisikia jina la Agatashya akatambua umbo lake bila kujua maana yake. Hali hii ya kutambua bila kuelewa ndiyo picha halisi ya nafasi ya kituo hicho katika mji uliokipokea. Kilikuwa karibu, kilisikika, kilifanana na vya nyumbani, lakini jina lake lilimwambia mwenyeji kwamba mlengwa wa kwanza alikuwa mtu mwingine.

4. Orodha ya mstari mmoja

Jicho la pili ni la mradi wa misaada. Hapa Agatashya huelezwa kwa lugha ya taarifa za mashirika: lengo, walengwa, wafadhili, vipindi vya afya, usalama wa maji, ugawaji wa chakula, utafutaji wa jamaa. Lugha za utangazaji hutajwa kama vile mitambo inavyotajwa, yaani kama nyenzo. Kiswahili huja mwisho wa orodha hiyo.

Kuna pingamizi linalostahili kujibiwa. Yaweza kusemwa kuwa mpangilio huo unaakisi hali halisi: walengwa walikuwa wakimbizi, wakimbizi walizungumza Kinyarwanda, hivyo Kiswahili kilikuwa ziada. Kwa vipindi vya utafutaji wa jamaa pingamizi hili lina nguvu. Mama anayetafuta mwanawe hahitaji lugha ya tatu.

Lakini kambi hazikusimama hewani. Zilisimama juu ya ardhi ya Washi na Wahavu. Kuni zilizopikia chakula cha wakimbizi zilitoka katika misitu ya wenyeji na katika hifadhi. Bei za sokoni zilibadilika kwa wote, na maji yalinywewa na wote. Maswali ya mwenyeji hayakuwa sawa na ya mkimbizi: watu hawa watakaa hadi lini, nani kati yao ana silaha, na kwa nini wao wanapewa unga wakati kijiji chetu hakipewi? Maswali hayo yaliulizwa kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha ambamo Mshi, Mhavu, Mrega na Mnyarwanda wangeweza kukutana. Kwa hiyo kati ya lugha tatu za kituo, Kifaransa kilimfikia aliyesoma na Kinyarwanda kilimfikia mkimbizi. Kiswahili peke yake ndicho kingeweza kuwaweka mwenyeji na mgeni katika mazungumzo mamoja. Historia inayokitaja mwisho inaigeuza juu chini kazi ya lugha katika eneo hilo.

Uzito wa jambo hili ulionekana mwaka 1996. Mwanzoni mwa Oktoba mwaka huo, naibu gavana wa Kivu Kusini aliwapa Wanyamulenge muda wa takriban wiki moja waondoke nchini. Kuanzia hapo, kuzungumza Kinyarwanda au lugha iliyofanana nacho kukawa ushahidi dhidi ya mzungumzaji mitaani. Kituo kilichojulikana kwa jina la Kinyarwanda, katika mji ambao Kinyarwanda kilikuwa kimegeuzwa alama ya adui, kilikuwa hatarini kabla risasi hazijasikika. Masimulizi yanayosema kwamba vita viliifunga redio yanasema kweli, ila yanaruka hatua moja: kabla ya vita vya bunduki kulikuwa na vita vya lugha, na hivyo havionekani katika ripoti ambayo lugha ni mstari mmoja.

5. "Mkimbizi" na "halaiki": msamiati wa kutoegemea upande

Redio ya kibinadamu hujitambulisha kwa kutoegemea upande wowote. Katika kambi za Kivu, kanuni hiyo ilikutana na msamiati usioweza kuibeba.

Chukua neno "mkimbizi". Limetokana na kitenzi "kimbia", nalo halisemi mtu anakimbia nini. Aliyekimbia panga na aliyekimbia mkono wa sheria baada ya kushika panga wote ni wakimbizi kwa neno hilo. Kinyarwanda "impunzi" kina utata uleule. Mashirika yaliyogawa chakula yalihitaji neno moja la kuhesabia vichwa, na neno hilo likawasitiri wauaji ndani ya umati. Manusura aliyekuwa Nyarushishi, upande wa pili wa mto, alipolisikia neno hilo likitumiwa juu ya watu waliomwinda, alisikia tamko la kisiasa hata kama msemaji hakukusudia hivyo.

Hali ni hiyohiyo katika kulitaja tukio lenyewe. Kiswahili cha miaka ile kilikuwa na njia mbili. "Mauaji ya halaiki" yanataja wingi wa waliouawa na kunyamaza kuhusu sababu ya kuchaguliwa kwao. "Mauaji ya kimbari", kutokana na "mbari", yaani ukoo au nasaba, yanasema waziwazi kwamba watu waliuawa kwa kuzaliwa kwao. Kinyarwanda kilikuwa na "itsembabwoko", lenye wazo hilohilo la kuangamiza jamii ya watu kwa asili yao. Mtangazaji wa Kiswahili aliyechagua "halaiki" na mwenzake wa Kinyarwanda aliyesema "itsembabwoko" wasingekuwa wametoa habari moja, hata kama taarifa ya Kifaransa mezani mwao ilikuwa moja. Leo, baada ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kuamua mwaka 2018 kwamba siku ya tarehe 7 Aprili iitwe kwa kuwataja Watutsi, uchaguzi huo unaonekana rahisi. Mwaka 1994, katika chumba cha habari kilichokuwa umbali mfupi kutoka makambini, ulikuwa uamuzi wa kila siku.

Hapa ndipo masimulizi yaliyopo yanapotuangusha zaidi. Yanazungumzia kutoegemea upande kama kanuni ya uandishi wa habari, si kama kazi ya tafsiri. Lakini katika kituo cha lugha tatu, kutoegemea upande hufanikiwa au huvunjika katika tafsiri. Historia ya Agatashya ambayo haiulizi taarifa ilibadilikaje ilipotoka Kifaransa kuingia Kinyarwanda na Kiswahili ni historia ya nia njema. Bado si historia ya matangazo.

6. Waliorithi na wasiorithi

Baada ya 1996 uzoefu wa Agatashya ulisafiri mbali. Fondation Hirondelle ilianzisha Star Radio nchini Liberia mwaka 1997, ikaanzisha Ndeke Luka mjini Bangui mwaka 2000, ambayo jina lake la Kisango nalo ni la ndege, ndege wa bahati. Mwaka 2002 ilishirikiana na Umoja wa Mataifa kuanzisha Redio Okapi nchini Kongo, na huko Kiswahili kilipewa nafasi pamoja na Kifaransa, Kilingala, Kikongo na Kiluba. Urithi huo ni wa kujivunia.

Rusizi yenyewe haikurithi mengi. Kambi zilipovunjwa, wasikilizaji walisambaratika: wengi walirudi Rwanda, wengine walikimbilia misitu ya magharibi ambako maelfu walikufa. Redio iliyojengwa juu ya kambi haikuwa na mahali pa kusimama kambi zilipotoweka.

Mfano wa kulinganisha ulikuwapo katika mji huohuo. Redio Maendeleo, iliyoanzishwa na asasi za wenyeji wa Kivu Kusini mwaka 1993, ilipitia vita hivyohivyo, ikafungwa na uongozi wa RCD mwaka 1999, kisha ikarudi hewani. Tofauti za vituo hivi ni nyingi, na fedha ni mojawapo. Hata hivyo jina la Kiswahili, umiliki wa wenyeji na wasikilizaji ambao makazi yao hayategemei kambi ni mambo yanayokwenda pamoja. Kituo chenye mizizi mahali pake kinaweza kufungwa kikafunguliwa. Mradi ukifungwa huhamia nchi nyingine.

Lawama haiwaangukii waandishi wa ripoti za Geneva na Lausanne peke yao. Taaluma ya Kiswahili nayo imechangia ukimya huu. Tumekuwa na tafiti nyingi juu ya Dar es Salaam na Nairobi, na juu ya idhaa za Kiswahili za BBC na Deutsche Welle. Kiswahili cha Bukavu, ambacho Didier Goyvaerts alikuwa amekwisha kukiandikia katika miaka ya 1980, kimeachiwa wataalamu wa lugha mseto na lugha za vijana, kana kwamba hakijawahi kutumiwa kusoma taarifa ya habari.

7. Hitimisho na mapendekezo

Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kwa maandishi, Mto Rusizi sasa unapita ndani ya jumuiya moja yenye lugha moja ya mawasiliano. Kwa vitendo, uhusiano wa nchi hizo mbili umeendelea kuwa wa mashaka makubwa, na lugha ya mtu bado inaweza kumponza. Kwa hiyo historia ya Agatashya ina la kuwaambia watunga sera wa leo. Mapendekezo matatu yanatokana na uhakiki huu.

Kwanza, vituo vya mpakani, kikiwamo kituo cha jamii cha Rusizi kilicho chini ya Shirika la Utangazaji la Rwanda na vile vya Bukavu, vipange Kiswahili kwa kazi yake mahususi: mazungumzo kati ya jamii mbili. Kuongeza taarifa fupi iliyotafsiriwa mwishoni mwa siku hakutoshi. Sauti za soko la Kamembe na za Bukavu zikubaliwe hewani kwa Kiswahili chao, na Kiswahili sanifu kibaki kwa taarifa zinazohitaji usawa wa istilahi. Msikilizaji anayeona haya kuzungumza hatapiga simu studio.

Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na Akademi ya Urithi wa Utamaduni ya Rwanda na vyuo vya Bukavu kukusanya kanda, hati za matangazo na kumbukumbu za mdomo za vituo vilivyonyamaza katika ukanda huu, zikihifadhiwa katika lugha zilizotumika hewani. Waliokuwa na umri wa miaka 30 katika vyumba vile vya habari mwaka 1994 sasa wamepita 60. Kazi hii haingoji.

Tatu, tathmini ya redio yoyote ya amani ichukulie tafsiri kama sehemu ya maudhui. Mfadhili anayeuliza mawimbi yamefika wapi aulize pia neno lipi lilitumika, katika lugha ipi, na nani alilisikiaje. Istilahi za vurugu na uhamaji, kama "mkimbizi", "mrejea", "manusura" na "kimbari", zijadiliwe na kukubaliwa na wahariri wa pande zote mbili kabla ya dharura kutokea.

Agatashya ilifanya kazi ngumu mahali pagumu, na haistahili kubezwa. Inastahili kusikilizwa upya, safari hii pamoja na lugha yake ya tatu. Wanaovuka daraja la Rusizi kila asubuhi bado wanasalimiana kwa lugha hiyo.